Wauza vifaa vya umeme watuandikie adapta kabla hatujatoka dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikishie wauzaji wa vifaa vya umeme wa jiji letu la Mwanza, pamoja na wateja wao, ombi moja lisilohitaji sheria mpya wala fungu la bajeti. Naomba muuzaji, baada ya kumjaribishia mteja kifaa pale kaunta na kabla ya kukirudisha kwenye boksi, abandike kipande cha plasta kwenye adapta, yaani kile kiboksi cha waya kinachopunguza umeme wa ukutani kabla haujafika kwenye kifaa, na kuandika juu yake jina la kifaa hicho. Mimi ni fundi wa redio, televisheni na ving'amuzi huku Mabatini, na naandika kwa sababu vifaa vingi vinavyoletwa mezani kwangu vikisemekana vimepigwa na radi havikupigwa na radi hata kidogo. Vimeunguzwa na adapta ya kifaa kingine.

Nieleze kwa nini radi husingiziwa. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopata radi nyingi zaidi barani Afrika, na mkazi wa Mwanza hahitaji mtaalamu wa hali ya hewa kumwambia hivyo. Wingu likianza kujikusanya upande wa ziwani, wazazi huamuru kila kitu kichomolewe, na kwa hilo hawakosei. Kasoro ipo katika namna ya kuchomoa. Mtoto aliyetumwa kwa haraka haishii kwenye plagi ya ukutani. Huchomoa pia ile pini ya mviringo iliyo nyuma ya king'amuzi, nyuma ya ruta na nyuma ya spika, na nyaya zote huachwa zikining'inia nyuma ya kabati la televisheni. Mvua inapokwisha, mara nyingi ikiwa ni usiku na umeme bado haujarudi, mtu hupenyeza mkono kule nyuma huku akimulika kwa tochi ya simu, akashika pini ya kwanza iliyomjia mkononi na kuichomeka kwenye tundu la kwanza aliloliona. Inaingia bila shida. Umeme ukirudi king'amuzi hakiwaki, au kinawaka mara moja na kutoa harufu, na taarifa inayonifikia asubuhi ni kwamba jana radi ilipita nyumbani kwao.

Kifaa kikifunguliwa, mambo haya mawili hayafanani. Radi ikiingia kwa kupitia waya wa antena au wa dishi huharibu sehemu inayopokea mawimbi, wakati mwingine pamoja na tundu la HDMI na televisheni yenyewe, na mara kwa mara huacha alama nyeusi mahali ilipopita. Adapta isiyo yake huua karibu na tundu la umeme: kapasita, kile kikopo kidogo cha kutuliza umeme, imevimba kichwa, IC (kijidude cheusi chenye miguu) ya kupunguza volti imetoboka kitundu kidogo mgongoni, na sehemu nyingine zote za bodi ni safi kama zilivyotoka kiwandani. Nikimuuliza mwenyewe kama kwenye ekstensheni ile kulikuwa na adapta ya kompyuta mpakato, kwa kawaida hunyamaza kidogo, kisha husema ndiyo, ilikuwepo.

Adapta nyingi za kompyuta mpakato za miaka ya nyuma hutoa volti 19 au zaidi kidogo, ilhali ving'amuzi vingi huhitaji volti 12, na ruta huhitaji 12 au 9. Pini zake kwa nje hazina tofauti ya kuonekana kwa macho. Nyingi zina kipenyo cha nje cha milimita 5.5, na tofauti yake ni tundu la ndani, ambalo laweza kuwa la milimita 2.1 au 2.5. Ile ya 2.5 huingia katika kifaa cha 2.1 ikiwa imelegea kidogo tu, na hakuna mtu gizani atakayeuhisi ulegevu wa nusu milimita. Hapa ndipo wateja wangu wengi hukataa kunielewa, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba kitu kikiingia basi kimekubali. Kwa soketi za ukutani imani hiyo haina madhara makubwa, kwa sababu soketi zote za nyumbani Tanzania hutoa umeme wa volti 230, lakini kwa pini za mviringo hakuna kiwango kimoja kinachofuatwa na wote kinachosema umbo fulani ni la volti fulani, na kila kiwanda hujichagulia.

Mtu anayeshika adapta mchana kweupe, mwenye macho mazuri na subira, anaweza kujisomea. Ubavuni kuna mistari miwili inayohusika. Wa INPUT hueleza umeme inaoupokea kutoka ukutani, na wa OUTPUT hueleza unaotoka kwenda kwenye kifaa. Volti za OUTPUT lazima zilingane na zile zilizoandikwa kwenye kifaa, bila mjadala. Ampea za adapta, yaani wingi wa umeme inaoweza kutoa, zinatakiwa zilingane na zile za kifaa au zizidi, na kuzidi kwake hakudhuru, kama vile sufuria la wali wa watu kumi lisivyomdhuru anayepakua sahani moja. Zikipungua ndipo adapta hupata joto kali, king'amuzi hujizima na kujiwasha chenyewe, na diski ya nje hubaki ikigonga tik-tik bila kufunguka. Wengi hudhani kifaa ni kibovu na kukiuza kwa bei ya kutupa. Kuna pia mchoro wa duara dogo lenye nukta katikati na alama za chanya na hasi pembeni, unaoonyesha kama chanya iko ndani ya pini au nje. Siku hizi vifaa vingi huweka chanya ndani, lakini vinanda kadhaa, hasa vya zamani, huweka hasi ndani, na hicho ndicho chanzo cha vinanda vya kwaya kunyamaza siku ya mazoezi baada ya mtu mwema kuazimisha adapta ya ruta.

Hata hivyo, nani anasoma hayo? Maandishi yenyewe yamechorwa kwa herufi za kijivu juu ya plastiki nyeusi, au yamekandamizwa kwenye plastiki bila rangi yoyote, na baada ya mwaka mmoja wa vumbi na jasho la mikono yanataka miwani na taa ya pembeni. Isitoshe, mara nyingi huwa na jina la kiwanda kilichotengeneza adapta, ambalo si jina la kampuni iliyotengeneza kifaa. Bibi anayeishi na wajukuu hapa Igogo hawezi kutazamiwa atambue kwamba jina asilowahi kulisikia, lililoandikwa kwa herufi ndogo kuliko za chupa ya dawa, ndilo la mwenzi wa king'amuzi chake. Plasta iliyoandikwa KING'AMUZI itamtosha.

Ndiyo maana nimewaelekezea ombi langu wauzaji kwanza. Mtu yeyote aliyewahi kununua kifaa katika maduka ya katikati ya jiji anaujua utaratibu wetu: mteja hatoki na kitu kabla hakijawashwa mbele yake. Boksi hufunguliwa, nailoni hutolewa, plagi huchomekwa, taa huwaka, ndipo risiti na waranti huandikwa. Dakika zile chache ndizo pekee ambazo adapta na kifaa chake vimo mikononi mwa mtu anayejua bila shaka kwamba ni vya pamoja. Boksi likishafika nyumbani hufanywa la kuwekea vitunguu au viatu, na siku familia inapohama kutoka Igoma kwenda Buswelu, adapta zote hutiwa kwenye ndoo moja na kuteremkia upande wa pili zikiwa yatima. Muuzaji ana kalamu tayari mkononi, kwa kuwa anaandika risiti. Anachopungukiwa ni plasta tu.

Nimewahi kulizungumza jambo hili na wafanyabiashara kadhaa, na majibu yao nayaheshimu. Mmoja alisema wateja wataona adapta yenye plasta wakafikiri ni ya mtumba. Hofu hiyo ina msingi, lakini inaisha kama mteja anaishuhudia plasta ikibandikwa mbele yake, tena akiulizwa aandikiwe jina gani. Mwingine alisema hilo ni jukumu la kiwanda. Nakubaliana naye kwamba kiwanda kingefanya vizuri zaidi, na ningependa sana kuona waagizaji wakidai adapta ichapishwe jina na toleo la kifaa kwa herufi nyeupe zinazosomeka, na Shirika la Viwango Tanzania likilitazama suala hilo; lakini meli haitasubiri, na mzigo ulioko madukani leo utauzwa kesho. Kwa upande wa faida, nadhani wao ndio wangefaidika mapema kuliko wote, maana ugomvi mwingi wa waranti huanza pale kifaa kinaporudishwa na adapta isiyo yake, kila upande ukiapa kwamba ndiyo iliyotoka dukani.

Lundo hili la nyaya halikuwepo siku zote. Nyumba nyingi zilikuwa na redio ya betri na televisheni iliyochomekwa moja kwa moja ukutani. Mitambo ya analojia ya kurushia matangazo ya televisheni ilipoanza kuzimwa nchini Desemba 31, 2012, na Mwanza ikafuata mapema mwaka 2013, kila televisheni ya kizamani ilihitaji king'amuzi, na ving'amuzi vingi vilikuja na adapta ya nje. Baadaye zikaja ruta, spika za kuchaji, kamera za ulinzi, mashine za kunyolea na taa za dharura. Watengenezaji wanapenda adapta ya nje kwa sababu ya maana: kifaa kilekile huuzwa nchi nyingi, na kinachobadilishwa ni adapta peke yake, kulingana na umeme na soketi za huko.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayoleta balaa la pili, linalohusu mtumba. Japani umeme wa majumbani ni volti 100, na Marekani ni 120. Adapta nyingi za kisasa huandikwa kwamba hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, na hizo hazina neno. Lakini zile nzito za zamani, zenye transfoma ndani, ambazo huja pamoja na vinanda na redio za mtumba, huandikwa volti 100 au 120 peke yake, na ukizichomeka katika soketi ya Mwanza hazimalizi dakika nyingi kabla ya kuungua. Baadhi yake hata hazitoi umeme wa DC, ule wa mkondo mmoja kama wa betri. Hutoa AC, umeme wa kubadilika-badilika kama wa ukutani, ila wa volti chache, kwa kuwa kifaa chake kiliundwa hivyo. Adapta ya namna hii inapaswa kuwa na plasta mbili, moja ikitaja kifaa na nyingine ikionya kwamba isichomekwe ukutani bila kipunguza umeme. Ndugu zetu wanaouza adapta za mtumba kwa mafungu pale Makoroboi wangetufaa sana kama wangezitenga tu zile za volti 100 na kuziweka pembeni. Sina ugomvi nao, na mimi mwenyewe hununua kwao.

Mhariri, kuna mahali ambapo mkanganyiko huu ni wa hatari kuliko sebuleni, napo ni kwenye mialo, kule mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga. Wavuvi wengi wa dagaa wameacha karabai za mafuta ya taa na sasa hutumia taa za LED zenye betri, ambazo huchajiwa mchana kwa sola au kwa umeme wa gridi. Baadhi ya taa hizo zina betri za asidi za volti 12, ambazo chaja yake hupandisha hadi takriban volti 14.4. Nyingine zina betri za lithiamu, na kama pakiti ni ya seli mbili, chaja yake inapaswa kukoma kwenye volti 8.4. Chaja ya kwanza ikichomekwa kwenye betri ya pili, na betri yenyewe ikawa ni ya bei rahisi isiyo na bodi ya kuilinda, betri hiyo huvimba na inaweza kuwaka moto, tena ndani ya kibanda cha mbao chenye nyavu, makoti ya mvua na madumu ya petroli ya injini. Taa nyingi huchajiwa mahali pamoja na mtu mmoja. Hapo jina la kifaa halitoshi, kwa sababu zote ni taa. Kinachotakiwa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye chaja na kwenye taa yenyewe ni aina ya betri na volti zake, na ikiwezekana chaja za lithiamu zifungwe utepe wa rangi tofauti ili hata asiyesoma atofautishe.

Wala desturi hii si ngeni kwetu. Katika vibanda vya kuchajia simu visiwani na vijijini, mwenye kibanda hubandika kipande cha karatasi au plasta mgongoni mwa kila simu na kuandika jina la mwenyewe au namba, na jioni kila mtu huondoka na simu yake. Wanaoendesha vibanda hivyo hawakufundishwa na yeyote. Wingi wa simu uliwafundisha.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yatapitwa na wakati kwa sababu ya taipu C, ile pini bapa ya chaja za simu mpya inayoingia upande wowote. Ni kweli kwamba Umoja wa Ulaya uliamua simu, tableti na kamera mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la taipu C kuanzia Desemba 28, 2024, na kompyuta mpakato zikapangiwa Aprili 28, 2026, na kwa kuwa viwanda havitengenezi simu za Ulaya peke yake, sisi pia tunayaona matunda yake. Uzuri wa taipu C ni kwamba chaja huanza na volti 5 na haipandishi mpaka kifaa kiombe, kwa hiyo kuunguza simu kwa chaja halisi ya kompyuta mpakato si jambo la kuogopa. Hata hivyo kazi ya kuandika haijaisha, imehamia kwenye waya. Waya wa kawaida wa taipu C hubeba hadi wati 60, na wa kubeba zaidi ya hapo lazima uwe wa ampea 5 wenye chipu ndani yake. Kwa kuutazama hutajua. Upo pia waya unaochaji tu na hauhamishi picha wala faili, ambao umewafanya vijana wengi waamini kwamba simu zao zimeharibika. Nawashauri waandike kwenye waya kitu unachoweza, yaani INACHAJI TU, au KOMPYUTA, badala ya kuandika jina la mwenye waya. Jina la mtu hukoma kuwa na maana siku anapobadilisha simu, na katika nyumba yenye vijana wanne huleta kesi zaidi ya zile linazomaliza. Ruta, ving'amuzi, kamera na vinanda, kwa upande wao, bado vinakuja na pini za mviringo, na sioni dalili ya vyote kuhama karibuni.

Kuhusu namna ya kuandika, nimeona plasta ya kitambaa, ile nyeupe ya duka la dawa, inafaa kuliko selotepu. Selotepu kwenye adapta yenye joto huyeyuka gundi, huteleza na kukusanya vumbi, na wino wa kalamu ya kawaida haushiki juu yake. Juu ya plasta ya kitambaa hata kalamu ya risasi huandika vizuri, nayo haipauki kama wino. Plasta isibandikwe juu ya matundu ya kupitishia joto wala juu ya yale maandishi ya kiwandani, maana fundi atayahitaji. Kisha, jambo ambalo wengi hulisahau: jina liandikwe pande mbili. La kwanza likae kwenye adapta yenyewe, ili mwenye duka la mtaani asichomoe kinasa cha kamera za ulinzi akidhani ni chaja ya simu. La pili likae karibu na pini, plasta ikizungushwa kwenye waya na ncha zake kugandamizwa pamoja ili itokeze kama kibendera, kwa kuwa anayepapasa nyuma ya kabati mvua ikishapita hushika pini, na adapta iko mbali kule kwenye ekstensheni. Chini ya jina ziandikwe volti na ampea, na volti hizohizo ziandikwe kwenye kifaa, pembeni ya tundu lake. Haya ya mwisho muuzaji anaweza kuyafanya kwa nusu dakika ya ziada, na mteja akiona muuzaji ana foleni, ayafanye mwenyewe nyumbani kabla hajatupa boksi.

Kwa wale ambao tayari wana ndoo ya adapta zisizojulikana, nawasihi wasizitupe wala wasiwaachie watoto wazichome moto ili wapate shaba, kwani moshi wa plastiki ile ni sumu. Wampelekee fundi aliye karibu. Kwa kutumia mita ataweza kupima kila moja inatoa volti ngapi na chanya iko upande gani, na zilizokufa atazibakiza kwa ajili ya waya na pini zake. Mafundi wenzangu nao, ambao huuza adapta za kubadilishia, naomba waanze kuandika kama ninavyowaomba wauzaji wa maduka makubwa; mimi mkebe wangu wa plasta uko juu ya meza, na mteja haondoki kabla hatujakubaliana jina.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi wa redio, televisheni na ving'amuzi,
Mabatini, Mwanza.